Malkia wa Chumvi na Watu wa Roshani

Solikamsk, 12 Januari 1974

Wamempa Tasya! Kapa, wamempa binti yangu Malkia wa Chumvi. Si mjakazi wa tatu kutoka kushoto, si theluji, si kivuli cha mtu, ni Malkia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, Jumapili ya tarehe kumi Machi, onyesho la mchana. Nimeliandika hili kwanza kwa sababu ningeanza na salamu kalamu ingepasuka mkononi.

Haya, sasa salamu. Mdogo wangu Kapitolina, sisi hatujambo. Mgongo wa shemeji yako Prokhor umemlaza juu ya jiko letu la matofali, penye joto, tangu mwaka mpya, anateremka kula tu, kama paka. Kaka zetu Savely na Nikifor wazima, wako chini mgodini kila siku, wakipanda juu midomo yao ni meupe kwa chumvi. Nikifor ameng'oa mlango wa bafu kwa kuuvuta upande usio wake, anasema mlango ndio ulioanza. Mimi bado napika kantini ya mgodi na bado wanaume wananiambia hakuna supu ya kabichi kama yangu kutoka hapa hadi Moscow. Sisemi mimi, wanasema wao.

Basi nikaitwa posta, simu kutoka Leningrad. Nikajua kuna msiba. Nasikia sauti ya mtoto inasema, "Mama, usipige kelele, watu wanasikiliza." Akanieleza. Nikapiga kelele mpaka mkuu wa posta akatoka ofisini na muhuri mkononi. Jioni ile kwenye foleni ya mkate Fyokla, yule wa nyumba ya kona, akasema wasichana wa baleti hupewa nafasi kwa kuwaonyesha wakubwa mapaja. Nilikuwa nimebeba samaki aliyeganda kwenye mfuko wa wavu. Nilimpiga naye sikioni. Samaki hakuvunjika, sikio limekuwa kama kitumbua, na tangu siku hiyo foleni nzima inanisalimu kwa jina langu pamoja na la baba yangu, kama anavyoitwa mkubwa.

Nakucheka lakini. Wewe uko mji mmoja na mtoto, kila juma uko kwenye roshani ya juu ya jumba lile la baleti, na mimi niliye chini ya milima ya Ural nimejua kabla yako. Umeniandikia miaka yote habari za huyo Ostrogina wako, Ostrogina kazunguka hivi, Ostrogina kafa vizuri mara mbili juma hili. Tasya anasema nafasi ilikuwa ya Ostrogina. Basi amechoka mama wa watu, apumzike, awaachie vijana.

Wewe ndiye mjuzi wa vita vya tiketi. Tutafutie viti: mimi, Prokhor akiweza kukaa, na wajomba wa mtoto wote wawili. Hata huko juu kwako, hatujali ngazi.

Dada yako Glafira, mama yake Malkia.


Leningrad, 3 Februari 1974

Dada Glafira, shikamoo.

Barua yako imefika siku nyingi. Mimi mzima. Kiwandani tunashona glavu za askari, vidole vimejaa matundu ya sindano. Jikoni kwetu, familia tano jiko moja, wamegombana tena juu ya birika, na Mzee Gelasi wa chumba cha mwisho amewatupia wote maji ya viazi. Pole ya shemeji. Mpake mafuta ya nyuki mgongoni.

Habari ya Tasya nilikuwa nayo tangu mwaka mpya. Sikuandika. Hongera.

Kuhusu tiketi, labda niliwahi kukuandikia kama mchezo, sasa nakuandikia kama ilivyo. Siku dirisha linapofunguliwa watu hawapangi foleni, wanaivunja. Kila kundi linashikana viwiko, wenye mabega mapana mbele, na mlango wa ua ukifunguliwa tu yanaachiliwa makundi yote kama ng'ombe. Anayefika dirishani kwanza na kulishika, foleni inajengwa nyuma yake. Juma lililopita tulitaka usiku wa Ostrogina wa mwisho wa mwezi. Wanafunzi wa chuo cha madini walituingia ubavuni. Mmoja aliangukia reli ya chuma, nikasikia meno. Nonna Arkadyevna, kiongozi wetu, mwuza dawa, mwanamke wa miaka hamsini na miwani, alimkanyaga mkono ili asiishike tena reli. Tulishinda. Sikuwahi kuliona hilo kuwa baya, dada. Kila mtu anayekwenda pale anajua anakwenda wapi.

Sasa nikueleze jinsi watu wa roshani wanavyofikiri, maana ninyi mnaona nafasi inapewa kama sahani ya supu. Malkia wa Chumvi alitungwa kwa ajili ya Ostrogina. Alipoanza kumcheza mimi nilikuwa na nywele nyeusi. Sasa wakubwa wanaweka jina la msichana wa miaka ishirini na moja, na hakuna aliyemuaga Ostrogina, hakuna maua, hakuna usiku wa mwisho. Huku juu wanasema ameibiwa. Sisemi mimi, wanasema wao, kama unavyopenda kusema.

Tiketi za tarehe kumi zimekwisha. Msije. Safari ni ndefu na mgongo wa shemeji haufai. Mwambie Tasya aombe mwaka mmoja zaidi.

Kapitolina.


Solikamsk, 17 Februari 1974

Kapa, mdogo wangu, hatujambo, theluji imefika madirishani, Prokhor ameteremka jikoni na kurudi juu, uyoga wa pipa la pili umeharibika. Hizo ndizo habari. Sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mbele ya kaka zetu. Savely alitoka kupasua kuni, na kuni hazikuhitajika. Umeniambia mwaka mmoja zaidi. Mtoto huyu aliondoka nyumbani ana miaka kumi na begi la kamba. Nimeona vidole vyake vya miguu, wewe pia umeviona, vimechubuka kama vya mtu aliyetembea juu ya chupa. Ni nani atakayemwambia asubiri?

Na wewe hukuniandikia "hongera dada." Umeandika hongera peke yake, kama mtu anayetema mbegu.

Nakumbuka yule msichana wa Riga. Wewe mwenyewe uliniandikia: watu wa roshani walimzomea, wakapiga miluzi katikati ya dansi mpaka akapoteza hesabu, wakamtupia mafagio ya bafuni badala ya maua, akalikimbia jukwaa na hakucheza tena. Uliandika kwa kicheko. Ulisema siku hizi anauza vitambaa. Sasa msichana ni wa tumbo langu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe hujazaa lakini ulimbeba Tasya mgongoni alipokuwa na surua, basi kidogo unaujua.

Nilikuwa nikijisemea, Kapa yuko kule juu, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sasa sina hakika. Nijibu kwa neno moja: tarehe kumi utakuwa upande gani? Nikisikia mkono wako umeinuka juu ya mtoto wangu nitapanda treni na kuung'oa begani, na Mungu na chama cha wafanyakazi watanielewa.

Ruhusa ya kuja nimenyimwa kwa sababu wakaguzi wa kantini wanakuja wiki hiyo hiyo. Wana bahati watu wenu.

Glafira.


Leningrad, 29 Machi 1974

Dada Glafira, shikamoo.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Mzee Gelasi, mimi nasema. Niliteleza kwenye barafu mbele ya kiwanda, mkono wa kulia umevunjika, umefungwa plasta ngumu. Si kitu. Wamenipa likizo.

Tasya mzima. Labda amekupigia simu. Tarehe kumi hakucheza. Aliamka na homa kali, koo limefunga, akalazwa bwenini, na Ostrogina akaombwa saa chache kabla acheze badala yake. Kukatokea ajali ndogo, Ostrogina akaumia. Jumba limefunga roshani kwa muda. Usimwulize Tasya mambo mengi, anahitaji kupumzika.

Uliuliza neno moja. Sina upande tena.

(Mimi Gelasi naongeza kwa niaba yangu: halali usiku, hali chakula, na hakuna barafu mbele ya kiwanda, wameimwagia mchanga tangu Januari.)

Kapitolina.


Solikamsk, 8 Aprili 1974

Nimejua yote. Tasya amenipigia simu jana na mkuu wa posta amefunga dirisha akaniletea kiti mwenyewe.

Kapa wangu, mama mdogo wa mtoto wangu, mjinga wangu, salamu zote unazozijua uzipokee kwa mara moja. Nimelia kantini mpaka supu haikuhitaji chumvi. Hukuteleza kwenye barafu. Ulishushwa ngazi za roshani kichwa kikitangulia, na wewe unaniandikia habari za mchanga na likizo. Na mimi niliyeapa nitaung'oa mkono wako. Mkono ule ule. Nimeichana nakala ya barua ile ichomwe, kisha nikaona ni upuuzi, barua unayo wewe. Ichome.

Tasya anajua alichoambiwa na Ostrogina hospitalini, yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Nataka nisikie kwako. Usinifiche kitu kwa kunihurumia, nimeona watu wakitolewa mgodini.

Sasa habari yangu. Ostrogina amepona jeraha lakini jicho la kushoto limebaki na ukungu, na asiyeona sawasawa hawezi kuzunguka. Amewaambia wakubwa kwa kinywa chake kwamba Malkia ni wa Tasya, kwamba alikuwa wa Tasya tangu mwaka jana, kwamba ni yeye aliyemchagua na kumfundisha kila jioni. Wewe ulilijua hilo? Sidhani. Mlikuwa mnamlinda mtu bila kumwuliza. Wamepanga upya, mwisho wa Mei.

Lakini Tasya amesema pia kitu kingine, na sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wa huyo mwuza dawa wanasema alijifanya mgonjwa makusudi, alijua kinachomngoja, akamsukuma mwalimu wake mbele apigwe. Wameandika kwa mkaa kwenye mlango wa bweni: tutakuona. Mtoto hali vizuri. Aliniuliza, "Mama, nikikataa, utaniona mwoga?" Nikamwambia nitamwona binti yangu. Nikakata simu, nikavunja kigoda.

Savely na Nikifor wanafika kwako tarehe ishirini na tano. Wamechukua likizo yao yote ya mwaka. Hawajui chochote juu ya baleti ila kwamba mpwa wao anaicheza. Wafundishe kuvunja foleni.

Glafira.


Leningrad, 5 Mei 1974

Dada Glafira, shikamoo.

Hii naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, vumilia. Wajomba wamelala sakafuni chumbani kwangu na jikoni sasa hakuna ugomvi wa birika. Nikifor amerekebisha bomba ambalo halikuwa limeharibika, sasa linavuja. Kila mtu anamsifu.

Umetaka usikie kwangu.

Wiki nzima kabla ya tarehe kumi Nonna alilowesha mafagio ya bafuni, yale ya matawi ya mti wa mbetula, akayaweka nje ya dirisha yagande. Fagio likiganda na majani yake ni rungu. Alitugawia kwenye mlango wa pembeni, tukayaficha ndani ya makoti. Nilipokea langu. Nakuambia ukweli, nilipokea, na nilikuwa bado sijui nitafanya nini nalo. Nilikuwa na barua yako mfukoni na hasira yangu kwa hiyo barua, na hasira yangu kwa Tasya ambaye hakuja kuniambia mimi kwanza, mimi mama yake mdogo.

Mabadiliko yalibandikwa kwenye mlango mkubwa: leo atacheza Ostrogina. Lakini sisi watu wa juu hatupiti mlango mkubwa, tunapanda ngazi za pembeni, na programu tulizonunua zilikuwa na jina la Tasya. Na unajua Malkia anaingiaje. Taa za buluu, hakuna muziki, uso umefunikwa shela nyeupe mpaka kiunoni, anatembea polepole juu ya chumvi. Hakuna sura. Watu wa chini walimpigia makofi makubwa kwa sababu walisoma tangazo, na sisi tukadhani ni watu waliolipwa kumshangilia mgeni. Hapo Nonna akasimama.

Nilimshika mkono. Sikufikiri, dada. Nilimwona mtoto mwenye surua. Nikamwambia, "Nonna Arkadyevna, yule ni wa dada yangu, shusha." Akaniangalia kupitia miwani yake kama dawa iliyokwisha muda. "Kumbe ni wewe uliyetuletea huyu," akasema, na kwa mkono mwingine akarusha. Nyuma yake wakarusha wote. Nilisikia fagio la kwanza likitua. Halina sauti ya matawi, lina sauti ya jiwe juu ya nyama. Malkia akaanguka kwa goti moja, shela ikageuka nyekundu kutoka juu kwenda chini, akaiondoa mwenyewe ili aone, na alikuwa yeye. Ostrogina. Nyusi imefunguka mpaka mfupa. Alitazama juu kwetu, moja kwa moja. Watu ambao wametumia nusu ya maisha yao wakimtazama, sasa yeye anawatazama.

Halafu mzee mmoja wa kundi letu akaanza kulia kama mbwa, na mtu akapiga kelele kwamba ni mimi niliyemvuta mkono Nonna ndiyo fagio likaenda vibaya. Hiyo ilitosha. Walihitaji mwenye kosa, na mimi nilikuwa karibu. Walinipiga kwa miavuli, kwa mikoba, kwa viatu. Mwanamke niliyemkopesha koti majira ya baridi yaliyopita alinishika nywele. Nilimng'ata. Nikashika nguzo, wakanikanyaga vidole, nikaachia, na ngazi za roshani ni za mawe. Mkono ulivunjika pahali pawili, na ubavu mmoja. Nilipofika chini nilisikia orkesta imeanza kupiga, maana hakuna aliyewaambia wasianze.

Sikukuandikia kwa sababu ningekuambia nilimtetea Tasya, nawe ungenisifu, na Tasya hakuwapo.

Nilikuambia pia tiketi zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Nilikuwa nazo nne chini ya godoro. Sikutaka ulione lile.

Sasa Jumapili iliyopita. Dirisha lilikuwa linafunguliwa kwa tiketi za mwisho wa Mei. Nonna alikuwa ameapa roshani yote itakuwa yao, kila kiti, na safari hii watarusha mawe. Nilisimama na wajomba uani asubuhi ya baridi, na watu wangu wa kale ng'ambo ya pili wakanitemea mate. Nilikuwa nimewafundisha kaka zetu siku tatu kwenye korido: viwiko vishikane, macho dirishani, usimwangalie anayekupiga. Walikuwa wamekusanya madereva wa matingatinga watano kutoka bandarini, Wauraliani wenzetu, sijui walivyowapata, nadhani kwenye kilabu cha bia.

Mlango ulipofunguka Savely alikwenda kama behewa. Hakumpiga mtu, dada, nakuapia, alitembea tu, na waliokuwa mbele yake hawakuwa mbele tena. Nikifor alipigwa chupa kichwani, akasimama akamwuliza aliyempiga kama amemaliza. Kulikuwa na damu kwenye theluji ya ua, na mtu amekalia ndoo akishika taya. Mimi nilibaki nyuma kama nilivyoagizwa, na Nonna akanijia hapo pembeni. Aliishika plasta yangu kwa mikono miwili na kuipinda. Nikaona nyota. Akasema, "Ulimmaliza Ostrogina kwa ajili ya kijakazi wa kijijini." Nikamwambia, "Ulimmaliza wewe, na ulikuwa umelenga mtoto." Kisha nikampiga kwa ile plasta, usoni, mara moja. Miwani imevunjika, pua pia. Alikaa chini theluji ikiwa nyekundu, akaniomba leso. Nilimpa. Tulikuwa tunakaa pamoja roshani ile miaka mingi.

Polisi walifika tulipokuwa tumeshalishika dirisha. Savely amenunua roshani karibu yote, na tiketi ziko ndani ya buti lake. Nonna na wenzake wamezuiwa kuingia kwenye jumba mwaka mzima, lakini wako wengine ambao hawajulikani sura, na Tasya anajua hilo. Jana alikuja kula hapa. Hakusema kama atacheza au la. Alimfumua Nikifor nyuzi za kidonda cha kichwani kwa mkasi wa kucha.

Mimi sitapanda tena ngazi zile. Nitawangoja nje, kwenye benchi. Wewe njoo umwone.

Kapitolina.


Solikamsk, 14 Mei 1974

Atacheza! Amepiga simu sasa hivi, bado nina aproni, naandika juu ya meza ya posta na mkuu wa posta ananiazima kalamu yake ya wino mzuri.

Kapa wangu, hujambo. Barafu ya mto imepasuka na kuondoka, Prokhor amesimama na kutembea mpaka kisimani, anasema ni hewa, mimi nasema ni aibu ya kubaki. Barua yako nimeisoma peke yangu, chumbani, mlango umefungwa. Sehemu ya ngazi sikuisoma mara ya pili. Umesema ningekusifu na Tasya hakuwapo. Basi sikusifu, nakuambia tu, wewe hukujua kwamba hayupo. Mkono ulikwenda wenyewe. Mtu mwingine angehitaji nini zaidi ya hapo ili aitwe mama?

Nilimwuliza Tasya kama anaogopa. Akasema, "Naogopa, Mama, lakini nikikataa watakuwa wamenipiga na mimi." Mtoto wa kantini anasema maneno kama hayo, na watu wanadhani akili ziko Leningrad. Ostrogina ataketi kwenye kibanda cha pembeni karibu na jukwaa, uso wazi, kovu na yote, wamwone wote wanaotaka kurusha kitu. Ameomba mwenyewe. Na Tasya ameomba kitu kimoja kwa wakubwa wakamkubalia: ataingia bila shela. Atatembea juu ya chumvi uso wazi, ili anayenyanyua mkono ajue anamnyanyulia nani.

Mgodi umetupatia mabehewa mawili. Mabehewa, Kapa, si viti. Mkurugenzi alikataa, nikamwambia basi juma lile watajipikia, akakubali kabla sijafunga mdomo. Wanakuja wachimbaji wa zamu ya Savely na wake zao, anakuja mkuu wa posta, anakuja mwalimu aliyesema Tasya ana miguu ya mbuzi, nimemweka mbele apate kuiona. Fyokla pia anakuja. Nimemwekea kiti nyuma ya nguzo. Nimewaambia wote sheria: hakuna chupa, hakuna fimbo, hakuna matusi, na atakayegusa mtu kabla hajaguswa atarudi Ural kwa miguu. Baada ya kuguswa sikuweka sheria.

Usiku silali, hili nakuambia wewe tu. Nafumba macho naona kitu cheupe kinageuka chekundu kutoka juu kwenda chini, na safari hii uso ni ule niliouzaa. Nimewaza nimfungie chumbani. Nimewaza nimkate kidole kidogo cha mguu akiwa amelala, Mungu anisikie, arudi nyumbani auze vitambaa akiwa mzima. Kisha nakumbuka kwamba akianguka, itakuwa mara ya kwanza ataanguka mbele ya watu wake, nasi tuko wengi kiasi cha kuteremka ngazi zile na kumchukua.

Habari ya benchi isahau. Hungoji nje. Utapanda kati yangu na Savely, mimi nitakushika upande wenye plasta, na kama ngazi zinakutisha tutapanda moja moja hata watu wa chini wachelewe. Huko juu tutakalia wote viti vyenu, na mtu akipiga mluzi, wewe ndiye unayejua sauti inatoka wapi.

Treni yetu inafika alfajiri. Savely awe stesheni, Nikifor abaki na mabomba yako. Waambie pia wale madereva wa matingatinga, mwambie Mzee Gelasi avae koti lake lisilo na viraka, na wasichana wa kiwandani kwako wenye mikono minene, na yeyote aliyewahi kula mezani kwenu. Asibaki mtu nyumbani. Mlango wa pembeni, saa sita mchana, Jumapili, tarehe ishirini na sita Mei.